Magunia Yasiyo Yetu

Kilimani, 6 Machi

Mwanangu Chiriku,

Barua hii nimempa muuguzi wa zahanati, ndiye anayeteremka mjini kila wiki mbili kuchukua chanjo, naye ataitia posta. Mnara wa simu ulikufa kwenye mvua za mwaka jana na hakuna aliyekuja kuufufua. Cheka ukitaka: tunachimba jiwe la kutengenezea simu, na simu zetu tunazitumia kumulikia njia ya chooni.

Nina habari. Waoshaji wamenichagua kuwa mtia lebo. Tulikuwa wanawake arobaini na mmoja pale mtoni, mikono ikaenda juu, mkono mmoja tu haukuinuka na huo ulikuwa wangu. Kazi yenyewe ni hii. Wachimbaji wakiutoa mchanga mweusi shimoni, sisi tunauosha, tunauanika, unapelekwa kwenye mizani. Gunia likitimia kilo hamsini nalifunga mdomo kwa lebo ya plastiki yenye namba, ile ambayo ukishaikaza haifunguki mpaka uikate. Kisha naandika kwenye kikaratasi namba, tarehe na jina la shimo, natia sahihi. Sahihi ile ni kiapo. Inasema jiwe hili limetoka kilima hiki, limechimbwa na watu waliokuja kwa miguu yao na watakaorudi nyumbani kwa miguu yao.

Kilima cha ng'ambo ya mto huwezi kukisemea hivyo. Huko bado wapo wale wenye bunduki, na anayechimba huchimba mtutu ukimtazama kisogoni. Mume wangu walimchukua akabebe magunia siku tatu tu, walisema. Huu mwaka wa tisa, sina hata kaburi la kung'oa majani.

Kwa hiyo kazi hii nimeivalia njuga. Juzi Bwana Ghala, huyu anayenunua mzigo wetu wote, alikuja na tabasamu lake la bandia akaniomba nimwachie lebo tupu chache, eti za akiba. Nikamwambia lebo tupu ni sawa na kinywa changu kilichoachwa wazi, mtu yeyote atatia humo neno lake. Alicheka. Mimi sikucheka.

Nawe niambie, huko kiwandani kwenu jiwe letu mnalifanya nini? Nimelifua miaka kumi na minane kama nguo za mtu nisiyemjua.

Shangazi yako


Ofisini, 14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi mzima, isipokuwa kifua kinachokwamakwama kwa sababu ya hewa ya humu ndani. Madirisha ya ghorofa yetu hayafunguki.

Umeuliza jiwe linakuwaje. Kiwanda kina tanuri lake. Mchanga wenu huyeyushwa, ukawa unga wa kijivu laini kuliko poda, na unga ule ukatengenezwa vidude vidogo kuliko chawa. Kila simu ina vingi vya namna hiyo. Watu wa chini wanavaa maovaroli meupe na kofia za nywele, hawazungumzi, wanatazama kwa miwani ya kukuzia. Mimi niko ghorofa ya tatu, ofisi ya manunuzi. Kazi yangu ni kulinganisha karatasi za kila mzigo na kuhakikisha jiwe halikupita mikononi mwa watu wenye silaha.

Sasa naandika jambo zito, na naomba ulisome kana kwamba limeandikwa na mfanyakazi wa kiwanda, si mtoto uliyemlea. Nimeletewa faili la kilima chenu. Kwa miaka minne hamjawahi kutoa zaidi ya tani nne kwa mwezi. Mwezi wa Machi zimetoka tani tisa. Magunia mia na themanini, Shangazi. Yote yana lebo za kilima chenu, na vikaratasi vyote vina sahihi yako.

Hukuniambia mmechimba shimo jipya. Hukuniambia mmeongeza watu. Ulichoniambia ni kwamba Bwana Ghala alikuja kuomba lebo.

Kuna kingine. Kwenye daftari lenu la lebo, nakala tuliyoletewa, umeandika kwa mkono wako kwamba bunda la lebo mia moja lililoweshwa na mvua, namba zikafutika, ukalichoma moto. Tarehe kumi na moja Machi. Nimetazama taarifa za hali ya hewa. Wiki ile haikunyesha.

Kama ulilazimishwa, niambie. Kama ulishawishika, pia niambie, nitajua la kufanya. Lakini usiniache niandike ripoti hii nikiwa gizani.

Chiriku


Kilimani, 3 Mei

Kwa Mfanyakazi wa Kiwanda,

Umesema nisome kana kwamba hukulelewa na mimi. Vema. Basi na mimi nakujibu kama mtia lebo, shangazi nimemwacha jikoni.

Eti kama nilishawishika. Neno hilo nimelitafuna siku nne na halijameze­ka. Mtu ambaye hajui mume wake aliachwa korongo gani, ashawishike na wale wale? Ungeandika tu kwamba mimi ni mwizi, ningekasirika zaidi lakini ningeumia kidogo.

Haya, sikiliza. Tarehe kumi na moja mmoja wa waoshaji alishikwa na uchungu pale pale mtoni. Tulimbeba kwenye machela ya mifuko mpaka zahanati, mwendo wa saa mbili. Sanduku la lebo nilimwachia mpima mizani pamoja na ufunguo. Nimefanya naye kazi miaka sita, ni mtu anayetoa kofia anaposalimia. Niliporudi, bunda moja halipo. Nikamuuliza, akakaa chini vumbini akalia kama mtoto. Watu wa Bwana Ghala walikuja na mmoja wa ng'ambo, bunduki ikiwa imefunikwa kwa kanga. Walimtajia binti yake na shule anayosoma. Akawapa.

Ndiyo, niliandika kwamba zililoa. Uongo ule ni wangu, hakuna aliyenishika mkono. Sheria inasema lebo zikipotea kilima kinafungwa hadi uchunguzi uishe, na uchunguzi wa kilima cha jirani ulichukua miezi kumi na minne. Hapa tuko watu mia tatu na zaidi. Na mpima wangefika kwake kabla ya mchunguzi yeyote. Nikafikiri, acha zipotee kimya kimya, nitakuwa macho zaidi.

Sikujua kama lebo zile zitakaa kwenye magunia ya ng'ambo na kupita mbele ya macho yako zikiwa na sahihi yangu. Uliponiandikia ndipo nilipojua. Nilisimama pale zahanati na barua mkononi, muuguzi akaniuliza kama nimefiwa.

Sasa andika ripoti yako. Andika kwamba nilidanganya kuhusu mvua. Lakini ukiandika kwamba magunia yale ni yetu, wewe ndiye utakayekuwa mwongo, tena mwenye kiti cha kuzunguka.

Mtia lebo wa kilima


Nyumbani, 27 Mei

Shangazi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido ya ofisi, nikarudi mezani, nikayatoa makaratasi yote mia na themanini na kuyatandaza sakafuni kama mtu anayeanika mahindi. Jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kukuandikia.

Wewe saba zako unazikata katikati kwa mstari, na kila namba ya lebo zenu ina saba. Umenifundisha kuandika kwenye sakafu ya nyumba yako kwa mkaa, na mimi mpaka leo nazikata. Makaratasi themanini yana saba zilizokatwa. Mia moja hayana saba iliyokatwa hata moja. Sahihi wameiga vizuri sana, namba hawakujali. Nilikuwa na ushahidi huu mezani tangu Aprili, na nilichokitazama ni jumla tu.

Sina neno la kukuomba radhi linalotosha, kwa hiyo sitalitafuta. Nitafanya kazi.

Saba pekee hazitatosha kwa wakubwa. Watasema mtu huweza kuandika saba kwa namna mbili. Lakini nakumbuka ukisema, nikiwa mdogo, kwamba unaweza kuitambua koltani ya kwenu, huo mchanga mweusi, ukiwa umefumba macho. Ni kweli, au ulikuwa ukijisifu? Hapa kuna maabara, na mama anayeiendesha ananiambia jiwe la kila kilima lina asili yake, kwamba mashine inaweza kutofautisha kama vile alama za vidole. Anachohitaji ni mchanga kidogo ambao tuna hakika umetoka kwenu, na mwingine ambao tuna hakika hautoki kwenu. Ukiweza, utume. Usijiweke hatarini. Usimwambie mtu asiyehitaji kujua.

Mambo ya huku yasikusumbue. Wakubwa wanasubiri ripoti, lakini wana subira.

Mwanao, Chiriku


Zahanati, 19 Juni

Mwanangu,

Usishangae mwandiko, anayeandika ni muuguzi, mimi nasema tu. Niliteleza kwenye ukingo wa mto nikaangukia mkono, umefungwa plasta. Ni jambo dogo.

Uliuliza kama nilikuwa najisifu. Mwanangu, wa kwetu ukiusugua kiganjani una punje zinazometa na unakwaruza. Wa ng'ambo una utelezi, unaacha weusi kama masizi ya sufuria na hautoki mpaka uoge mara mbili. Kila mwoshaji hapa anajua. Hakuna aliyewahi kutuuliza. Wanaokuja na kalamu huzungumza na wanaume walioko mizanini, wakapiga picha, wakaenda zao.

Kwenye kifurushi hiki kuna chupa kumi na mbili za dawa, zimeoshwa vizuri. Sita zenye plasta nyeupe ni za mashimo yetu, nimeandikisha kila moja na jina la shimo lake. Sita zilizofungwa uzi mweusi zimetoka kwenye magunia ya lori la Bwana Ghala. Magunia hayo yana lebo za kuiga mfano wa zetu, maana zile mia zilikwisha Machi, na namba zake nimezinakili. Ulitaka nisimwambie mtu asiyehitaji kujua. Nilifikiria sana ni nani asiyehitaji, nikakosa. Kwa hiyo niliwakusanya watu wote pale mtoni nikawaeleza kila kitu, pamoja na uongo wangu wa mvua. Mpima naye akasimama akasema lake. Walikuwapo walionitukana, na walikuwa na haki. Kisha tukakata shauri kwamba hakuna lori litakalopita.

Tulikaa barabarani siku tatu, wanawake mbele. Tuliwaambia: fungueni kila gunia, la kwetu lipite, lisilo letu lirudi lilikotoka. Hilo tu. Siku ya tatu tukayafungua wenyewe.

Ni hayo. Kula vizuri.

Shangazi

Dada, huyu ni muuguzi sasa. Nimeandika kila neno alilosema kama alivyoniapisha, lakini hakuniapisha nisiongeze langu. Shangazi yako hakuteleza. Walinzi wa Bwana Ghala walishuka na marungu saa nne ya asubuhi, watu wakiona. Wanawake tisa wameumia. Yeye alikuwa amelala juu ya magunia, wakampiga ili asogee, hakusogea. Mkono umevunjika mahali pawili, wa kulia. Nilipokuwa nikimfunga, badala ya kulia alikuwa akiwatajia wenzake namba za lebo ili wasizisahau, kwa kuwa daftari walikuwa wamelichana. Namba ulizonazo hapa ni hizo. Lori halikupita.


Nyumbani, 20 Julai

Shangazi yangu,

Ulinidanganya kuhusu mto. Nami nilikudanganya kuhusu subira ya wakubwa, kwa hiyo tuko sawa, na tuache mchezo huu.

Ukweli ni kwamba mkuu wa manunuzi alikuwa ameshaamua tangu Aprili, hata kabla sijakuandikia. Aliniita akaniambia niandike sentensi moja: eneo lina hatari, tumesitisha ununuzi. Basi. Kilima chenu, kilima cha ng'ambo, vyote vikunjwe katika jamvi moja. Nilikuwa nikitafuta visingizio vya kuichelewesha sentensi ile. Sikukwambia kwa sababu niliogopa utaacha kupigana. Sasa naona sikujui.

Chupa zilifika zote, hata moja haikuvunjika. Mama wa maabara alizipima mara mbili. Sita zenu ni jiwe moja, sita za uzi mweusi ni jiwe jingine kabisa, limezidi lenu kwa umri miaka isiyohesabika. Kisha tukaenda stoo, tukachota sampuli kutoka katika mzigo wa Machi ambao ulikuwa bado haujaingia tanurini. Kila gunia ambalo karatasi yake ina saba isiyokatwa lilikuwa la ng'ambo. Kila moja. Mama wa maabara alivua miwani akauliza nani aliyekusanya chupa hizi. Nikasema mtaalamu.

Nikaingia nayo kwenye mkutano. Walikuwapo watu kumi na wawili na wageni wawili kutoka kampuni inayonunua vidude vyetu. Nilieleza yote. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba nimefanya kazi nzuri sana, na kwamba inathibitisha alichosema, yaani eneo lina hatari. Akasukuma karatasi mbele yangu nitie sahihi.

Nikamwambia, "Hii si taarifa ya hatari, ni taarifa ya nani aliyeizuia."

Akasema hiyo ni lugha ya kwenye mikutano ya hadhara. Akasema kiwanda hakiwezi kupeleleza kila gunia, na kwamba kuondoka ndiyo njia safi.

"Safi kwetu," nikasema. "Mimi siitii sahihi. Mkitaka, itieni ninyi, na jina langu litoke kwenye faili."

Mgeni mmoja aliomba nakala ya matokeo ya maabara. Aliitaka kwa jina la kampuni yake, na mkuu hakuweza kumnyima.

Tangu siku ya pili niko chini, upande wa kufunga maboksi. Wameita mabadiliko ya kawaida ya kazi. Nafunga maboksi mazuri sana, kifua kimepona kwa sababu huku mlango uko wazi muda wote.

Kwa sababu ya yule mgeni wameshindwa kufunga faili moja kwa moja. Wameamua kukutumia fomu. Ina maswali sitini na mawili, nimeitafsiri mwenyewe, ipo ndani ya bahasha hii. Usipoijibu kabla ya mwisho wa Septemba, sentensi ile itatiwa sahihi na mtu mwingine.

Mkono unaendeleaje? Safari hii nataka ukweli.

Chiriku wako


Kilimani, 15 Agosti

Mwanangu,

Ukweli ni kwamba vidole viwili havifungi. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinayumba. Nimejizoeza kwa mkaa sakafuni kama nilivyokufundisha wewe. Niliposoma ulivyokataa kutia sahihi nilimsomea kila mtu mtoni. Walirudia maneno yako mpaka yakanichosha.

Fomu nimeijaza. Pamoja nayo kuna barua ya huyo mkuu wako. Mfasirie neno kwa neno na usimpakie sukari.

Shangazi

Kwa Mkuu wa Manunuzi,

Nimepokea maswali yako sitini na mawili na nimeyajibu yote. Mengine yalinichekesha. Swali la tisa linauliza kama nina sera iliyoandikwa ya kukataa watu wenye silaha. Sera ninayo, imefungwa plasta, na daktari wa picha za mifupa ana nakala yake. Swali la arobaini linauliza kama niliwahi kutoa taarifa isiyo ya kweli. Nimejibu ndiyo. Nilisema lebo mia moja ziliharibiwa na mvua, na mvua haikunyesha. Nimeitangaza mbele ya watu mia tatu, na nimekubali kama watanivua kazi. Hawajanivua, ila wameamua jambo jingine, na mimi nimelipenda. Kuanzia sasa lebo haitiwi na mtu mmoja. Wanatia waoshaji watatu, kila mmoja anachukua mchanga kiganjani kabla gunia halijafungwa, na ufunguo wa sanduku umegawanywa kufuli tatu. Mtu mmoja anaweza kutishwa kwa kutajiwa binti yake. Watatu kwa siku moja ni kazi.

Sasa nami nina maswali. Ni manne tu, sikutaka kukuchosha.

La kwanza, karatasi za Machi zilipoonyesha tani tisa kutoka kilima kisichowahi kutoa zaidi ya nne, ni nani kwenye jengo lenu aliyeuliza, mbali na yule uliyempeleka akafunge maboksi? Nataka kujua kama ofisi yako ina watu wengine wenye macho.

La pili, Bwana Ghala ameandikisha ghala jingine mjini kwa jina la shemeji yake. Je, mmeshanunua kwake?

La tatu, mkituacha sisi, jiwe mtalitoa wapi? Maana simu hamtaacha kutengeneza. Huko mtakakokwenda, yupo mtu atakayelala juu ya magunia kwa ajili yenu, au mtapata tu karatasi nzuri zaidi?

La nne ni gumu, nami sina jibu lake, kwa hiyo sikutegi. Kule ng'ambo kuna watu. Wiki iliyopita walivuka saba, wamelowa, mmoja wao msichana mwenye makovu ya kamba mabegani. Wamekula, wamelala siku mbili, sasa tunawafundisha kuosha. Mliponyima jiwe la ng'ambo njia, wenye bunduki waliwazidishia hawa kazi ili wauze kwingine kwa bei ya kutupa. Tukifunga njia zote, watu hawa wanakwenda wapi, na ni nani anayewapokea mtoni?

Mizani iko mikononi mwetu. Tangu Juni hatujauza hata kiganja kimoja, tunalima na tunagawana kidogo kilichopo. Tunaweza kukaa hivi kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri, tulishazoea kukaa. Mpaka nijibiwe, hakuna gunia litakalopita hapa, hata lako.

Mtia lebo, mmoja wa watatu


Kiwandani, 10 Septemba

Shangazi,

Nilimsomea. Sikumpa karatasi aisome peke yake, nilimwomba nusu saa nikamsomea kwa sauti nikiwa na ovaroli langu la maboksi. Mlango ulikuwa wazi na nadhani ghorofa nzima ilisikia, kwa sababu mashine ya nakala ilisimama.

Kwenye lile la plasta alicheka kidogo kisha akajizuia. Kwenye la kwanza alitazama dirisha. La pili alimwita karani wake, wakafungua kompyuta, wakakuta ni kweli: mizigo miwili ya Julai imetoka kwa shemeji. Rangi ya uso wake ilibadilika, Shangazi. Si mtu mbaya, nimekuja kuligundua hilo nikiwa nimechelewa, ni mtu aliyezoea kuona mlima ukiwa umelala kwenye karatasi. Alipiga simu pale pale, ikazuiwa mizigo miwili. Yule mgeni wa nakala ameshaandika kwamba kampuni yao haitapokea kitu chochote kilichopita kwa Bwana Ghala au kwa ndugu zake. Ofisi ya madini mjini imefunga ghala lake la zamani. Yeye mwenyewe hajulikani alipo, kwa hiyo angalieni sana.

La tatu alisema, "Sina jibu zuri." Nikamwambia asikae nalo peke yake, aliandike hivyo hivyo, nalo limeandikwa.

La nne aliomba nilisome tena. Akauliza huyu mama alisomea wapi. Nikasema mtoni. Kisha akasema hajui, na kwamba hajawahi kuambiwa kuna watu wanaovuka.

Nikamwambia, "Basi gunia halitapita. Ameandika, na mimi namjua."

Akaniuliza ninafikiri afanye nini. Ni mara ya kwanza kuniuliza kitu ambacho hajakiamua. Nikamwambia swali lile halina jibu kwenye ghorofa hii, alifuate lilipo. Nilidhani atanirudisha kwenye maboksi. Akachukua kalenda.

Anakuja, Shangazi. Anakuja yeye, si mjumbe wake, pamoja na mama wa maabara ambaye ameomba kuwaona mnavyosugua mchanga kiganjani. Nami nimeombwa nije kufasiri. Nilimwambia sitakuja kama mfasiri, nitakuja kama mwenyeji, na hilo akalikubali. Tutafika tarehe nne Oktoba, barabara ikiruhusu. Meza yangu ya juu wamesema iko wazi. Sijawajibu. Nataka kwanza niuone mkono wako.

Chiriku


Kilimani, 22 Septemba

Mwanangu,

Njooni. Barabara ni mbovu kuanzia daraja la pili, mtatembea. Mwambie huyo mkuu avae viatu vya kufunga na aache begi la ngozi, atabeba maji yake mwenyewe kama kila mtu. Tutamkalisha mtoni pamoja na waliovuka. Sasa wamefika kumi na tisa, nao wana mengi ya kumwambia, hawahitaji kufasiriwa sana. Asiwapige picha.

Asitegemee kuondoka na magunia siku ya kwanza. Kwanza atasikiliza, kisha tutapima.

Usije ukadanganywa kwamba mambo yamekwisha. Bunduki bado zipo ng'ambo, jana tulizisikia mchana kweupe tukiwa kazini. Msichana wa makovu aliacha karai likaelea. Nikamshika mkono kwa huu wangu wa kushoto, nikamwambia atazame pande zote za mto ahesabu wanawake. Alihesabu mpaka mwisho. Kisha akalifuata karai lake, akalirudisha, akaendelea kuosha.

Shangazi yako